Tumbo moja, matabaka mawili: jibu kwa mwandishi wa hadithi ya Orzammar

Barua iliyonifikia inasema hivi:

"Shikamoo wakili. Nimemaliza mchezo wa Dragon Age: Origins mara ya tatu na sasa naandika hadithi yangu mwenyewe ndani ya Orzammar ile ile, mji wa watu wafupi chini ya ardhi. Shujaa wangu ni binti wa tabaka la wachimba madini. Kaka yake, baba mmoja mama mmoja, hana tabaka na ana chapa usoni. Binti anapendwa na kijana wa nyumba ya kikabaila. Rafiki yangu anayenisomea rasimu anasema nimechanganya mambo, ndugu wa tumbo moja hawawezi kuwa matabaka mawili. Ni kweli? Na akiolewa, anakuwa kabaila? Akizaa msichana je? Kaka yake anaweza kumfuata huko juu? La mwisho: hawa tuwaite mbilikimo au vibete?"

Marahaba, mwanangu. Mimi mchana ni mtu wa mirathi, nashinda na watu wanaogombania viwanja na nyumba za marehemu, na usiku nacheza michezo ya aina hii kuliko umri wangu unavyoruhusu. Kwa hiyo swali lako limenikuta mahali pake.

Nianze na rafiki yako. Amekosea, lakini kosa lake linaeleweka, kwa sababu anapiga hesabu kwa mizani yetu. Kwetu mtoto ana upande. Kama ukoo unahesabiwa kwa baba, wote ni wa baba. Kama ni kwa mama, wote ni wa mama. Ndugu wakigombana, watagombana wakiwa ndani ya ukoo mmoja. Orzammar haifanyi hivyo. Pale tumbo hukatwa katikati: mvulana hurithi tabaka la baba, msichana hurithi tabaka la mama. Hapana wa nusu, hapana wa kati.

Sasa itazame familia uliyoiunda. Mama ni wa wachimba madini, baba hana tabaka. Binti anafuata mama, basi ni mchimba madini halali, na hata mtu akimtukana sokoni hawezi kumwondolea hilo. Kaka anafuata baba, basi anapigwa chapa usoni angali mchanga na makazi yake ni Mji wa Vumbi, mtaa wa wasio na tabaka. Hakuna ulichochanganya. Ila angalia usije ukawageuza wazazi katika sura za mbele. Ukisema baba ndiye mchimba madini na mama ndiye asiye na tabaka, chapa inahama: kaka anasafika, dada ndiye anayeibeba.

Na mchezo wenyewe umekuonyesha jambo hili, labda ulipita haraka. Pale Mji wa Vumbi kuna mwanamke anaomba akiwa na mtoto mchanga, anaitwa Zerlinda. Ni wa wachimba madini. Alimpenda mwanamume asiye na tabaka, akazaa mvulana. Mvulana, basi ni wa baba yake, basi hana tabaka. Baba yake Zerlinda hakumfukuza kwa sababu ya mapenzi yale. Alimpa sharti kwamba amtupe mtoto ndipo arudi nyumbani. Angezaa msichana, mtoto angekuwa mchimba madini kama mama na bibi zake, na mzee yule angenuna mwezi mmoja kisha akamchukua mjukuu mapajani. Damu ni ile ile, dhambi ni ile ile, tofauti ni jinsia tu ya aliyetoka. Mimi sijaona mahali pengine mle ndani panapoeleza sheria ile vizuri kuliko mwanamke yule mmoja aliyeketi vumbini.

Wanaanthropolojia wana jina la nasaba ya namna hii, tunaweza kuiita nasaba sambamba: mstari wa wanaume unakwenda wake, wa wanawake unakwenda wake. Ni nadra mno duniani. Mfano uliokuwa ukitajwa sana ni wa Waapinayé wa Brazili, kama alivyowaeleza Curt Nimuendajú mwaka 1939, na hata huo baadaye Roberto DaMatta alikwenda kuishi kwao akaupinga. Kwa hiyo waliobuni Orzammar walichagua kitu ambacho wanadamu karibu wote wamekikwepa, na ukikaa ukafikiri utaona kwa nini tumekikwepa. Kinaivunja nyumba kutoka ndani. Mama na mwanawe wa kiume ni watu wa mitaa miwili. Baba na bintiye vivyo hivyo.

Haya, ndoa.

Binti yako akiolewa na kabaila hawi kabaila. Anakuwa mchimba madini aliyeolewa na kabaila. Tabaka ni la kuzaliwa, na kiapo cha ndoa hakimzai mtu upya. Ndoa za kuvuka matabaka zipo: Branka alizaliwa kwa wahunzi, mumewe Oghren ni wa tabaka la wapiganaji, na kila mmoja alibaki wa kwao. Wangejaaliwa watoto, wavulana wangeshika shoka na wasichana wangeshika nyundo. Ni kweli baadaye Branka alipanda akawa juu ya makabaila wote, lakini hakupandishwa na mume. Alivumbua makaa yasiyotoa moshi, na katika mji uliochimbwa ndani ya mwamba, ambako moshi hauna pa kwenda, hilo si jambo dogo. Baraza la makabaila likamtangaza kuwa mhenga aliye hai. Nalipenda neno letu la wahenga hapa, kwa sababu ndivyo vibete wanavyomaanisha: mtu anahesabiwa miongoni mwa mababu waliotangulia, ingawa bado anakula na kulala. Mhenga huanzisha nyumba mpya ya kikabaila, na watu wake wote wanaingia nayo. Nyumba ya Aeducan, ile ya wafalme, ilianza hivyo hivyo kwa mpiganaji mmoja aliyeongoza ulinzi wa mji wakati mazimwi ya chini yalipofurika mara ya kwanza. Kwa hiyo ukimsikia kabaila wa Orzammar akijisifu kwa damu, kumbuka kwamba huko nyuma kabisa babu yake alikuwa fundi au askari aliyepigiwa kura. (Ningependa mtu mmoja katika hadithi yako amwambie mkwe neno hilo usoni, kisha aone kitakachompata.)

Kwa mwanamke wa kawaida, njia ya kwenda juu ni mtoto, tena mtoto wa kiume. Vibete wana uzazi mdogo, na idadi yao inapungua kwa sababu wanapigana na mazimwi kila siku kwenye Njia za Chini, barabara zao za kale chini ya ardhi. Kabaila akipata mtoto wa kiume ni sherehe, hata kama mama alitoka jalalani. Mtoto anafuata baba, basi ni kabaila. Na nyumba ya baba humchukua mama na jamaa zake wakae nao. Ndipo wakatokea wanaoitwa wawindaji wa makabaila: wanawake wa Mji wa Vumbi wanaojifunza kuvaa, kusema na kughani mashairi ili wavutie macho ya wakubwa. Wanazaa kwa kubahatisha, kama mtu anayerusha sarafu.

Rica, dada yake shujaa ukianza mchezo kama mtu asiye na tabaka, ndiye mfano ulionyooka. Watu wengi humwona kama msichana mwenye bahati. Mimi naona daftari la madeni. Nguo si zake, mafunzo si ya bure. Mkuu wa genge, Beraht, amemgharamia kama mtu anayenunua ng'ombe wa maziwa, na anataka faida. Asipompata kabaila, familia nzima inatupwa nje. Anampata Bhelen, mwana wa mfalme, anazaa mvulana, na ghafla yeye na mama yake mlevi wanalala katika kasri. Hakuna aliyemuuliza tabaka lake limebadilika au la. Halijabadilika. Anakaa kule kama mama wa fulani.

Hapo sasa unapata jibu la swali lako la tatu. Binti yako akizaa msichana, mtoto ni mchimba madini. Baba yake ni kabaila, amezaliwa katika nyumba ya kikabaila, na yeye ni mchimba madini. Nyumba haimkatai kwa chuki, haimhesabu tu, kwa kuwa hajaongeza jina kwenye mstari wao wa kiume, na mstari wa wanawake wa kikabaila hauwezi kumpokea kwa sababu mama yake si wao. Ndiyo maana, ukiniuliza mimi, mwanamke wa kikabaila ndiye mwenye nguvu iliyofichika katika sheria hii. Yeye tu ndiye anayeweza kuzaa msichana wa kikabaila. Kabaila wa kiume akioa chini anapata wana lakini anapoteza mabinti. Wazazi wa kijana wako, wakiwa na akili ya kupanga mambo, hawatapiga kelele kuhusu heshima peke yake. Watauliza wajukuu wa kike watakuwa nani, na mabinti wa nyumba nyingine wataozwa kwa nani miaka thelathini ijayo. Mwandikie mama mkwe maneno hayo. Yatakuwa makali zaidi kuliko matusi.

Niruhusu nizunguke kidogo nyumbani, kwa sababu pwani yetu iliishi na swali hili hili na ikalijibu kinyume. Suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa ndani na bwana wake, alikuwa na sheria yake. Mtoto wake, bwana akimkubali, alizaliwa huru na alirithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mama mwenyewe hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru, ingawa hakurithi kama mke. Wahenga wetu walilifupisha: kitanda hakizai haramu. Seyyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, na binti yake Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, anaandika kwamba wote walikuwa wa masuria. Mke wake mkubwa, Azza bint Seif, hakuzaa. Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Salme mwenyewe mama yake alikuwa Mcherkesi aliyenunuliwa. Na yeye ni mwanamke, lakini aliitwa Seyyida, akarithi shamba na fedha, fungu la binti ambalo ni nusu ya la mwana, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba tabaka lake ni la mama yake. Umeona tofauti? Kwa Rica, msichana angekuwa ajali. Kwa mama yake Salme, msichana alikuwa binti mfalme.

Na Zerlinda? Mwanamke muungwana wa pwani akizaa na mtumwa, mtoto kisheria ni huru, kwa kuwa nje ya mlango ule wa suria mtoto hufuata uhuru wa mama. Kilichokuwa kikiwekwa mbele ya mwanamke kilikuwa ukuta wa kabla ya ndoa, yaani kufu, kulingana kwa hadhi. Madhehebu ya Shafi hutazama nasaba, uhuru, dini, hata kazi ya mkono, na walii, msimamizi wa binti katika ndoa, ana haki ya kukataa mchumba asiye kufu ya binti. Mwanamume anaoa au anaweka suria kutoka popote. Mwanamke anazuiwa kushuka. Orzammar haina ukuta wa namna hiyo mlangoni. Inakuacha uingie, kisha inakuhukumu kwenye kitanda cha uzazi. Sijui ipi ni katili zaidi. Nikiwa na wateja wawili mbele yangu ningejua, lakini hawa hawalipi.

Tofauti hiyo ina maana kwa hadithi yako. Msomaji wa Lamu au wa Ngazidja kule Komoro atakuja na mazoea yake. Ngazidja hasa, ambako kuna mali iitwayo manyahuli inayoshuka kwa wanawake, mama kwa binti, hata kama ukoo wa baba unahesabika kwa mambo mengine. Msomaji wa huko ataielewa Orzammar haraka kuliko mimi na wewe. Wengine itabidi uwaonyeshe sheria mapema, kwa tukio, kabla ya mapenzi hayajaanza. Usiwaeleze kwa aya ya mwalimu. Weka chakula cha jioni ambapo kaka anakula nje.

Kaka huyo, kama unavyouliza, anaweza kumfuata dada yake juu? Anaweza, kwa sharti lile lile: mvulana azaliwe. Nyumba ikichukua jamaa za mama, kaka anaingia nao. Chapa haifutiki, wala haanzi kuitwa kabaila. Anakuwa mjomba wa kabaila mdogo, anapita kwenye korido za Mtaa wa Almasi, wanakokaa makabaila, akiwa na alama ile usoni, watumishi ambao ni wa tabaka lililo juu yake wakimtandikia kitanda. Ukiniuliza, kitabu chako kipo pale, zaidi ya kwenye harusi. Mjomba kwetu ni mtu mzito. Mpwa akipata shida, wa kwanza kuitwa ni mjomba. Pale mpwa atafundishwa kutomtazama.

Kabla ya hapo kaka ana njia zake mbovu mbovu. Jeshi la Wafu linampokea yeyote: unafanyiwa mazishi ungali hai, unaaga, makosa yako yanafutwa, kisha unashuka kupigana hadi kifo kikukute kweli. Kuingia ulingoni kwenye mashindano ya heshima ni kosa kwake. Anayeanza mchezo kama mtu wa Mji wa Vumbi hukamatwa kwa hilo hilo, baada ya kupigana ndani ya deraya ya mpiganaji mwingine. Na kuna njia ya kupanda juu ya ardhi, ambako chapa haina maana kwa wanadamu. Ila anayetoka kwenda kuishi juu anapoteza tabaka, awe nani. Gorim, mpiganaji aliyemtumikia mwana wa mfalme, alifukuzwa akaishia kuuza silaha sokoni Denerim, mji wa wanadamu, ameoa huko, na mambo yake si mabaya. Kwa hiyo dada na kaka wangeweza kuwa sawa kesho asubuhi: watoke wote wawili. Dada atapoteza kitu, kaka hatapoteza chochote. Wagombane juu ya hilo, tena kwa sauti, usiku kabla ya posa.

Jambo moja la kisheria ambalo waandishi husahau. Katika Orzammar haitoshi mtoto awe na baba wa tabaka fulani; lazima baba awe kwenye Kumbukumbu, yale maandishi yanayotunzwa na watunzaji wao. Jina la baba likifutwa, mtoto anaanguka nalo. Ukicheza kama mwana wa kiume wa mfalme na ukalala na Mardy, mmoja wa wale wawindaji wa makabaila, kabla ya kufukuzwa, ukirudi unamkuta amezaa mvulana asiye na nyumba, kwa sababu wewe mwenyewe umefutwa. Inabidi uombe mkubwa mmoja amwingize mtoto kwenye ukoo. Na kinyume chake kipo: Orta, anayeamini ametokana na nyumba ya Ortan iliyopotea, anapata kiti barazani mara tu ushahidi wa maandishi unapoletwa kutoka mji uliozikwa. Karatasi inainua, karatasi inaangusha. Hapo nilijihisi niko kazini. Kwa hiyo kama kijana wako ni mtoto wa pili na kaka yake mkubwa anamwonea wivu, huna haja ya sumu wala jambia. Mwache kaka mkubwa amfungulie mashtaka, jina likifutwa wiki moja kabla ya uchungu kuanza.

Juu ya nani atarithi ukuu wa nyumba yenyewe, usijifunge sana kwa utaratibu wa kifungua mimba. Hata ufalme unapita barazani: mfalme anapendekeza, makabaila wanapiga kura, na ndiyo maana mfalme Endrin alipokufa mji ukagawanyika kati ya mwanawe Bhelen na kabaila Harrowmont. Chagua mmoja kati yao awe mfalme katika hadithi yako kabla hujaandika ukurasa mwingine, kwa sababu yule kaka wa shujaa wako ataishi maisha tofauti chini ya kila mmoja. Harrowmont ni mtu wa haki binafsi na anayashikilia matabaka kama yalivyo, hata kuyakaza. Bhelen ni muuaji wa ndugu, atalivunja baraza, na ndiye anayewalegezea wasio na tabaka wakikubali kupigana. Rica yumo mle ndani ya kasri lake, kumbuka. Sidhani ni bahati mbaya.

Sasa neno. Hadithi nyingi za watoto zimetumia mbilikimo, na masikio yameshazoea. Mimi siitumii, kwa sababu neno hilo limebebeshwa watu wa kweli, Wambuti na Watwa wa misituni, na mara nyingi kwa dharau. Kibete nalo lina makali yake likimlenga mtu mfupi wa mtaani kwako, lakini angalau ni neno la umbo, halijapachikwa kabila. Nimeandika vibete hapa juu, nikawapa upatanisho wa watu: vibete wanazaa, vibete wanapigana. Ukiandika "vibete vinazaa" mhariri yeyote mzuri atakurudishia. Na ndani ya mazungumzo yao wenyewe hutahitaji neno lolote. Wao kwa wao hawaitani vibete; wanaulizana tu, wewe wa nyumba gani.